Kichupa kilikuwa mkobani: barua ya wazi kwa wanaosimamia hospitali na vyuo vya tiba

Waheshimiwa wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa vyuo vya udaktari, uuguzi na ukunga, na ninyi mnaoamua dawa ipi ikae kwenye kabati la dharura na ipi ifungiwe stoo,

Mimi si daktari. Ninachokijua kuhusu homoni nimekijulia kwenye mabenchi ya kusubiria, nikiwa nimeshika faili la dada yangu, na kingine nimekisoma usiku kwa kuwa mchana hapakuwa na wa kunieleza. Nikikosea istilahi mnirekebishe. Kisa chenyewe nimekishuhudia kwa macho yangu.

Dada alipojifungua mtoto wa tatu alivuja damu nyingi sana. Wakunga walimwokoa, na kwa hilo nyumba yetu haitaacha kuwashukuru. Akaongezewa damu, siku ya tano akaruhusiwa kurudi nyumbani. Ila maziwa hayakutoka. Sisemi yalikuwa machache, hayakutoka hata tone. Alipouliza aliambiwa ale vizuri, apunguze mawazo, aendelee kumweka mtoto titini. Hedhi nayo haikurudi, ukapita mwaka, ikapita miwili. Kliniki moja wakamtania kuwa amepata uzazi wa mpango wa bure. Nywele za kwapani zikapukutika. Akawa anavaa sweta wakati sisi wengine tunatafuta kivuli. Kazi aliyozoea kuimaliza kwa saa moja ikawa inamla siku nzima. Shemeji alianza kulalamika kuwa mkewe amekuwa mvivu, halafu akaacha kulalamika, na hapo ndipo niliingiwa na hofu zaidi.

Majina tuliyopewa yalikuwa mengi: upungufu wa damu, sonona, kukoma hedhi mapema, na safari moja, "mambo ya kina mama tu". Mwaka wa tisa kuna aliyeona sura yake imevimba na ngozi imekauka, akaagiza kipimo cha homoni ya tezi ya shingo. Ikaonekana iko chini. Tulifurahi kweli, tukadhani tumefika. Akaandikiwa levothairoksini, yaani vidonge vya homoni hiyo, peke yake. Siku ya kumi alianguka bafuni.

Baadaye sana ndipo nilipoeleweshwa kilichotokea. Homoni ya tezi ya shingo huuchangamsha mwili, na mwili ukichangamka hutumia kwa kasi kortisoli, homoni inayousaidia kuhimili maradhi na misukosuko. Dada kortisoli hakuwa nayo, au alikuwa nayo kidogo mno. Kumpa ile dawa bila kutangulizia kortisoli kulikuwa ni kukanyaga mafuta kwenye injini isiyo na oili. Hili limo kwenye vitabu vya tiba. Aliyemwandikia hakufanya uzembe: aliona tezi moja ina tatizo akaitibu hiyo moja, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, tezi moja kwa kila kipindi.

Alipolazwa, daktari mmoja kijana aliyekuwa bado kwenye mafunzo alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua faili kuanzia nyuma, akauliza: "Mama, yule mtoto wa mwisho ulimnyonyesha?"

Swali hilo ndilo tuliloligoja miaka tisa.

Daktari Harold Sheehan wa Uingereza alikwisha ueleza ugonjwa huu wa dada, ambao leo unabeba jina lake, mwaka 1937. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huwa kubwa zaidi wakati wa ujauzito. Mama akipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, tezi hiyo hukosa damu na sehemu yake hufa, wakati mwingine karibu yote. Kwa kuwa pituitari ndiyo inayoziamuru tezi nyingine, athari hutawanyika: maziwa, hedhi, tezi ya shingo, tezi za adrenali zilizo juu ya figo, ambazo ndizo hutengeneza kortisoli. Ndiyo maana dalili za dada zilikuwa kila mahali na hazikuwa popote. Ndiyo maana pia kipimo cha TSH peke yake kinaweza kudanganya kwa mtu kama yeye. TSH, homoni inayoiamuru tezi ya shingo, hutoka pituitari yenyewe, na pituitari iliyoumia inaweza kutoa kiasi kinachoonekana cha kawaida huku tezi ya shingo imelala.

Yule mkunga wa mwanzo simlaumu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maziwa kutotoka kabisa baada ya kuvuja damu ni taarifa ya kuandikwa kwenye faili, wala si kosa la mama. Hapo ndipo barua yangu inapoanzia. Lakini mniruhusu nisimulie na usiku mmoja wa baadaye, maana ndio ulionifanya nishike kalamu.

Wakati huo dada alikuwa ameshajulikana anaumwa nini. Alikuwa anameza haidrokotisoni, dawa inayochukua nafasi ya kortisoli, kila siku, amepewa kadi inayoeleza ugonjwa wake, na tulikuwa tumeelekezwa vizuri: akipata homa aongeze dozi mara mbili au tatu, na akitapika hadi vidonge havikai tumboni, achomwe sindano papo hapo kisha akimbizwe hospitali. Kichupa cha haidrokotisoni ya sindano, miligramu 100, kilikuwa mkobani pamoja na bomba la sindano. Usiku ule alishikwa na homa, akaanza kutapika. Nakiri kwamba mkono ulinitetemeka. Sikuthubutu kumchoma. Nikajiambia hospitali haiko mbali, wenye kujua wako kule.

Mapokezi nilitoa kadi, nikatoa na kichupa. Nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba dawa kutoka nyumbani haitumiki pale, na kwamba sindano ya aina ile haichomwi bila daktari kuandika. Daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji. Presha ikapimwa, ikawa chini. Ikapimwa tena, imeshuka zaidi. Damu ikachukuliwa kupelekwa maabara, tukaambiwa tusubiri majibu. Tulisubiri kwa muda wa karibu saa nne. Dada alikuwa ameanza kunijibu maneno yasiyoeleweka, na kichupa bado nimekikumbatia. Ndipo akaingia zamuni muuguzi mmoja mtu mzima, akaisoma kadi mara moja, akanyanyua simu, akazungumza na daktari kwa sekunde kadhaa, akachoma, akafungua dripu ya maji ya chumvi. Haikupita muda mrefu dada akauliza viatu vyake viko wapi. Nilicheka nikilia.

Waheshimiwa, dawa ile ile ilikuwemo kwenye kabati lao. Haidrokotisoni ya sindano iko karibu katika kila chumba cha dharura kwa ajili ya wagonjwa wa pumu na wa mzio mkali, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwongozo nao si wa siri. Mtu mzima huchomwa miligramu 100 mara moja, kwenye mshipa au kwenye msuli, hupewa takriban lita moja ya maji ya chumvi ndani ya saa ya kwanza, kisha miligramu 200 zikigawanywa kwa saa 24. Damu ya vipimo ichukuliwe ikiwezekana, lakini majibu hayasubiriwi. Dozi moja ikitolewa kwa asiyeihitaji ni nadra kumdhuru. Ikinyimwa anayeihitaji, anaweza kufa. Ukiziweka mizanini pande hizo mbili, saa nne zetu hazielezeki.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni ruhusa. Wekeni amri ya kudumu, iliyosainiwa na kubandikwa ukutani, kwamba muuguzi akimpokea mgonjwa mwenye kadi ya upungufu wa kortisoli ambaye anatapika, presha imeshuka au fahamu zinapotea, amchome kwanza na kumwita daktari baadaye. Wauguzi wengi ninaowafahamu wana akili ya kutosha kufanya hivyo. Wanachokosa ni karatasi ya kuwakinga kesho yake asubuhi.

Najua mtaniambia ugonjwa wa dada ni nadra. Ni kweli. Daktari Thomas Addison alieleza kufa kwa tezi za adrenali tangu mwaka 1855, na wenye ugonjwa unaobeba jina lake bado ni wachache. Lakini hesabuni pia wote waliomeza prednisoloni, dawa inayofanya kazi kama kortisoli, kwa miezi kwa ajili ya pumu, viungo, figo au ngozi. Dawa hiyo ikitumika muda mrefu, tezi za adrenali hulala kwa kuwa hazina kazi. Mgonjwa akiishiwa vidonge, au akiamua kuacha kwa sababu amevimba mashavu, au akilazwa kwa ajali na hakuna aliyemuuliza anatumia dawa gani, anaweza kufikia pale pale alipofika dada. Hao si wachache. Wamo kwenye wodi zenu leo.

Nimesikia mara nyingi, kila linapozungumzwa suala la kuboresha tiba ya homoni, mazungumzo yakikimbilia kwenye jengo: kituo cha kisasa, mashine kubwa, bingwa mmoja au wawili. Majengo siyakatai, na mabingwa nawaombea waongezeke. Ila mgonjwa wa homoni anapozidiwa, anazidiwa usiku, anazidiwa mlangoni, na anayempokea si bingwa. Anayepaswa kufundishwa kwanza ni yule anayeshika glukomita, kile kifaa cha kupima sukari, na kipima presha saa nane za usiku. Nikiambiwa nichague kati ya jengo na mafunzo ya watu wa mapokezi, sitafikiri mara mbili.

Tuchukue kisukari, ambacho kila mtu anakijua, au anadhani anakijua. Mtoto anayeanza kisukari cha aina ya kwanza hufika akitapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa kasi na kwa kina. Ni rahisi kumwona kama mwenye nimonia au wa kuharisha. Kipimo cha kumtofautisha ni tone moja la damu kwenye ncha ya kidole. Katika jimbo la Parma, Italia, walibandika mabango mashuleni yanayoeleza dalili za mwanzo, hasa ile ya mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani akaanza tena, na wakawapa madaktari wa watoto vifaa vya kupimia sukari. Kati ya 1987 na 1991, asilimia 78 ya watoto waliogunduliwa na kisukari walifika wakiwa tayari damu imejaa asidi. Katika miaka iliyofuata hadi 1997, walikuwa asilimia 12.5. Hawakujenga hospitali mpya. Walibandika mabango, wakagawa vipimo, na waliokuwa mlangoni wakajua la kutafuta.

Na akishalazwa? Wodini kuna makosa madogo madogo yanayoua, na yote yanafundishika. Herufi U inayoandikwa kwa mkato kumaanisha yuniti husomwa kama sifuri: dozi ya 4 ikawa 40. Iandikwe neno zima. Mgonjwa wa aina ya kwanza anasitishiwa insulini yote kwa sababu "leo hali chakula", wakati mwili wake unahitaji insulini ya msingi hata akifunga siku nzima. Sindano inachomwa alfajiri kwa ratiba ya wauguzi, chakula kinafika saa mbili baadaye kwa ratiba ya jikoni, na katikati ya ratiba hizo mbili mgonjwa anatetemeka, jasho linamtoka, sukari iko chini ya milimoli 4 kwa lita. Hili la mwisho halihitaji hata daktari, linahitaji mkuu wa wodi na mkuu wa jiko wakae meza moja.

Yupo na mgonjwa mwingine ambaye jina la ugonjwa wake lilimponza. Uliitwa dayabetisi insipidasi, na hauhusiani na sukari hata chembe: mwili unakosa vasopresini, homoni inayozuia maji yasipotee kwa njia ya mkojo. Mgonjwa wa namna hii akinyimwa maji au dozi zake za desmopresini, dawa inayochukua nafasi ya homoni hiyo, kwa siku moja tu, anaweza kukauka hadi kufa. Wapo waliokufa wakiwa wamelazwa hospitalini, kwa kuwa wahudumu walisikia jina wakadhani ni kisukari wanachokijua. Mwaka 2022 wataalamu wa homoni wa kimataifa walipendekeza jina libadilishwe, uitwe upungufu wa vasopresini. Ilibidi wataalamu wapendekeze jina jipya ili wagonjwa wapewe maji. Nawaomba basi mhakikishe habari hiyo imewafikia watu wa wodini.

Kuhusu watoto wachanga nitasema machache, maana hoja yao haina mjadala. Mtoto mmoja katika kila 2,000 hadi 4,000 huzaliwa tezi yake ya shingo haifanyi kazi ipasavyo. Kwa macho anaonekana mzima. Akianza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa kawaida akili yake hukua kama ya wenzake, na akicheleweshwa miezi, kinachopotea hakirudi. Damu kidogo ya kisigino inatosha kumgundua, na kipimo hiki kilianza kutumika kwa watoto wote huko Quebec, Kanada, miaka ya 1970. Wenye kipimo hiki tayari, ninawauliza jambo moja: majibu yakirudi mabaya, ni nani, kwa jina, anayempigia mama simu? Majibu yaliyolala kwenye droo ni sawa na damu ambayo haikuchukuliwa.

Sasa vyuo. Mpwa wangu anasomea uuguzi. Nilimwomba anieleze homoni, akachukua karatasi akanichorea vizuri kabisa: ubongo, pituitari, adrenali, mishale ya kushuka, mishale ya kupanda. Nikampa kichupa cha dada nikamwambia achanganye dawa. Akakigeuza geuza. Hakuwahi kukishika. Anaijua mishale, lakini chombo kinachookoa maisha hakukitambua, na yuko mwaka wa mwisho. Sikumcheka. Nilijicheka mimi, maana nami nilikuwa nacho mkobani nikashindwa.

Basi mafunzo ninayoyaomba ni ya mikono na ya kurudiwa. Dakika 20 mwanzoni mwa zamu, kisa kimoja: mgonjwa ana kadi hii, presha hii, fanya. Wiki ijayo kisa kingine. Yarudiwe, kwa kuwa watu wanahamishwa, na aliyefundishwa mwaka jana huenda leo yuko wodi ya macho. Wakunga wafundishwe swali la kuuliza mama anaporudi baada ya wiki sita, kama alivuja damu nyingi: maziwa yalitoka? Unajisikiaje? Na miezi ikipita bila hedhi wala nguvu, wajue kwa kumpeleka. Madaktari walio mazoezini wafundishwe kwamba mtu aliyekonda, moyo unamwenda mbio, hapati usingizi na mikono inatetemeka hapaswi kupelekwa moja kwa moja kwa tatizo la akili kabla ya kupimwa tezi ya shingo, maana huenda imezidisha kazi. Na aliyeanzishiwa kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi hiyo, aambiwe kabla hajatoka mlangoni kwamba homa na koo kuuma ni sababu ya kusimamisha dawa na kupima chembe nyeupe za damu siku hiyo hiyo. Ni sentensi moja tu, na wengi huondoka bila kuisikia.

Mafunzo ya ubingwa nayo yanawezekana bila kumpeleka kila daktari ng'ambo kwa miaka. Mwaka 2008 kilianzishwa Nairobi kituo cha kufundisha madaktari wa Afrika ubingwa wa homoni kwa watoto, kwa msaada wa jumuiya ya mabingwa wa fani hiyo ya Ulaya, na baadaye kikafuata kingine Lagos kwa ajili ya Afrika Magharibi. Waliohitimu wakarudi makwao kuanzisha kliniki. Ninachoongeza ni hiki: bingwa akipatikana, asifungiwe kliniki ya Jumanne na Alhamisi. Kwenye mkataba wake ziwemo saa za kufundisha wengine na zamu ya simu, ili mhudumu aliye mbali aweze kumuuliza usiku bila kuona haya.

Maabara ielezwe pia kwamba kortisoli hupimwa asubuhi, kwa sababu mwilini hupanda alfajiri na kushuka jioni. Dada alipimwa mara moja saa kumi alasiri na majibu yakatuchanganya sote, daktari akiwemo. Na mwenye kuagiza dawa akumbuke kwamba levothairoksini na haidrokotisoni ya vidonge si dawa za kumaliza dozi ukapona. Stoo ikikauka wiki mbili, mgonjwa hana wiki mbili za kungoja.

Jambo la mwisho ni sisi wenyewe. Mnatuita "ndugu wa mgonjwa" na kutuonyesha benchi. Tumebeba faili miaka kumi na zaidi. Tunajua dada anavyoonekana saa mbili kabla ya kuanguka: anakuwa mkali bila sababu, halafu anapenda chumvi, halafu ananyamaza. Tuiteni tuwaambie wanafunzi wenu.

Sisi tuko tayari. Tumezungumza na dada, na amekubali kuja siku yoyote mtakayoitaja, ila ameomba iwe zamu ya usiku. Anavyo vichupa vitatu vilivyopita muda wake wa matumizi, alivitunza kwenye kopo. Anasema atavileta ili kila muuguzi ajifunzie kuchanganya kwa mkono wake, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Wenu,
Mdogo wa mgonjwa